Kadi ya chanjo usiitupe

Somo yangu mpendwa,

Barua yako imenifika, na ile picha ndiyo iliyonikalisha kitako. Mtoto wako wa mbwa wa miezi mitatu, ametoka kuchomwa sindano ya pili ya chanjo, mdomo wa juu umening'inia kama mfuko uliojaa maji, macho yamebaki mistari miwili. Halafu chini yake umeandika kwa herufi kubwa: HACHANJWI TENA. Nilicheka, unisamehe. Maneno hayo hayo niliyasema mimi, nimesimama mbele ya pipa la taka na kadi ya chanjo mkononi.

Habari ya mbwa wangu Kibiriti sikukusimulia wakati ule kwa sababu sikuwa na cha kujivunia. Alikuwa na wiki 12, kilo tatu kasoro, na ilikuwa sindano yake ya pili. Nilikuwa na haraka zangu. Alipochomwa tu nikamtia kapuni, nikalipa, nikaondoka. Hata dakika tano sikukaa. Nyumbani akaanza kusugua pua kwenye mkeka. Nikadhani mchezo. Akapiga chafya, akasugua tena, akageuka kunitazama, ndipo nikaona sura si yake. Nilipompapasa mgongoni manyoya yalikuwa yamesimama mafungumafungu, na chini ya kila fungu kuna uvimbe mdogo, kama mtu amempachika kunde chini ya ngozi. Masikio yalikuwa ya moto.

Nikapiga simu pale alipochanjwa. Aliyepokea akaniambia ni kawaida, nimlaze apumzike. Mpaka leo ile sauti ikinijia nasikia hasira, maana hakuuliza hata swali moja. Kibiriti akatapika mara ya kwanza, akatapika ya pili, nami nikamkumbatia nikakimbilia kwa daktari mwingine.

Huyo wa pili hakuanza na uso uliovimba. Alimfunua mdomo, akabonyeza ufizi kwa kidole gumba, akaachia. Pakawa peupe, kisha rangi ya waridi ikarudi kabla sijamaliza kuhesabu mbili. "Damu inatembea," akasema, ndipo akachukua bomba la sindano. Akampa dawa ya mzio na steroidi, akamweka mezani mbele yake saa mbili nzima. Jioni Kibiriti alikuwa anatafuna kandambili yangu.

Ule ufizi ujifunze, somo. Leo hii, mbwa akiwa mzima na ametulia, mfunue mdomo uone rangi yake ya kawaida, ubonyeze, uhesabu. Siku ya taharuki utakuwa na cha kulinganisha. (Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, tafuta sehemu yenye waridi, au vuta kidogo kope ya chini utazame ndani.) Ufizi ukipauka, rangi ikichelewa kurudi, au mbwa akatapika na kuharisha ghafla, akalegea, akashindwa kusimama, hiyo haihusiani tena na uso kuvimba. Huo ni mshtuko wa mzio, na dawa yake ya kwanza ni adrenalini, ya daktari, na mwendo ni huo huo wa kukimbia. Tena usisubiri uso uvimbe ndipo uamini, kwa sababu kwa mbwa mzio mkali hupiga sana ini na tumbo. Anaweza kuanguka na uso wake uko vilevile. Mara nyingi hutokea ndani ya dakika chache hadi saa chache baada ya sindano.

Kuna mengine ambayo hayahitaji mbio. Kulala sana siku ya kwanza, kukataa chakula mlo mmoja, joto kupanda kidogo, kulia ukimgusa palipochomwa: hayo ni mwili unafanya kazi uliyoupa, na kwa kawaida yameisha siku ya pili. Uvimbe mdogo mgumu pale palipopita sindano unaweza kukaa wiki mbili hivi. Ukipita wiki tatu au ukazidi kukua, mwonyeshe daktari. Ila nakuomba, usimpe panadoli wala ibuprofeni ati umtulize. Dawa za maumivu za watu zinaweza kuua mbwa, na mtoto wa kilo tatu anadhurika kwa kiasi ambacho wewe ungekiona si kitu.

Sasa nije kwenye herufi zako kubwa.

Nilipomwambia yule daktari wa pili kwamba basi, zile mbili zinatosha, aliniuliza: "Zinatosha kwa nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nikiamini kwamba kila sindano inaongeza kinga kidogo, kama mtu anayejaza ndoo, hivyo mwenye mbili ana theluthi mbili ya ndoo. Kumbe sivyo kabisa. Mtoto wa mbwa akinyonya dang'a siku ya kwanza ya maisha yake, anapata kingamwili za mama. Zinamlinda, lakini hazitofautishi ugonjwa na chanjo: chanjo ikiingia wakati zipo nyingi, zinaizima kabla mwili wa mtoto haujajifunza lolote. Kingamwili hizo hupungua wiki baada ya wiki, na hakuna anayejua kwa kumtazama tu mbwa huyu zitakwisha lini. Kwa mmoja ni wiki ya nane, kwa ndugu yake wa uzazi mmoja ni ya 14. Ndiyo maana wanaanza kuchanja wiki ya sita hadi ya nane, wakirudia kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka avuke wiki 16. Wanarudia wakitafuta ile sindano moja itakayokuta mlango wazi.

Kwa hiyo ya mwisho, ile unayotaka kuifuta, ndiyo yenye uhakika kuliko zote. Mbwa wako wa wiki 12 huenda ameshashika kinga, na huenda hana chochote. Ukisimama hapo unaweza ukawa umebeba madhara yote ya sindano mbili na hujapata faida hata ya moja. Hilo ndilo lililonirudisha kutoka kwenye pipa la taka, wala si hotuba ya kupenda wanyama.

Na wakati anangoja, pavo haingoji. Ugonjwa huu haukuwepo kwa mbwa zamani. Uliibuka mwaka 1978 na kwa kama miaka miwili ukawa umezunguka dunia. Kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na sabuni ya kawaida haikiui. Klorini ndiyo inayokiweza, tena mahali pawe pamesafishwa kwanza. Kinaingia nyumbani kwa soli ya kiatu chako. Nimeiona pavo mara moja tu, kwa watoto wanne waliozaliwa pamoja. Harufu ya ule mharo wa damu inatangulia mlangoni kabla hujaona mbwa, na ukishaijua hutaisahau. Walitundikiwa dripu usiku na mchana. Wawili walibaki.

Distempa nayo huanza kama mafua, makamasi na kikohozi, ikapanda kwenye ubongo mpaka kifafa. Hata anayepona anaweza kubaki anatetemeka misuli maisha yake yote. Kichaa cha mbwa sina haja ya kukueleza. Watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huo, na karibu wote, asilimia 99, waliupata kwa mbwa. Hapo hatuzungumzii mbwa peke yake, tunazungumzia na watoto wako. Hiyo kwa kawaida huchanjwa kuanzia wiki ya 12, na sehemu nyingi sheria inaitaka.

Najua utaniuliza: na akivimba tena? Swali la haki. Wengi waliovimba uso mara moja huchanjwa tena wakatoka salama. Wapo wanaorudia, na mara nyingine ya pili inakuwa kali kuliko ya kwanza. Kwa hiyo hapa maneno ya "ni kawaida tu" siyataki, kama ambavyo siyataki yale ya "hachanjwi tena". Nataka daktari ajiandae.

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia mbwa zaidi ya milioni 1.2 kwa siku tatu baada ya kuchanjwa. Waliopata madhara yaliyoandikwa walikuwa kama 38 kwa kila mbwa 10,000. Wachache. Ila hao wachache hawakutawanyika ovyo: mbwa wadogo wa mwili walipata zaidi kuliko wakubwa, na kwa mbwa wasiofika kilo kumi, kila chanjo iliyoongezwa siku hiyo hiyo ilizidisha uwezekano. Angalia basi kadi yako. Nimeikuza ile picha ya pili uliyotuma, na kama macho hayanidanganyi zipo stika tatu za tarehe moja: ile ya mchanganyiko (pavo, distempa na homa ya ini kwa pamoja), ya homa ya mgunda, na ya kikohozi. Kwa mbwa anayeenea kwenye kapu la mayai!

Hapo ndipo pa kubana. Mwambie daktari azitenganishe, moja leo, nyingine baada ya wiki mbili au tatu. Ya kikohozi muulize kama kweli anaihitaji. Ni ya mbwa wanaolazwa bwenini au kukutana na wengi, wako hatoki uani. Ya homa ya mgunda usiifute kwa wepesi kama kuna panya na maji yaliyotuama karibu nanyi, kwa sababu inaambukiza na watu, lakini inaweza kusubiri zamu yake. Ile ya pavo, distempa na homa ya ini, na ya kichaa, hizo ni za lazima. Muulize pia kuhusu kumpa dawa ya mzio kabla ya sindano. Madaktari wengi hufanya hivyo kwa mbwa aliyewahi kuvimba. Na uliza kama kuna chanjo ya kampuni nyingine, maana mara nyingi mwili haukikatai kirusi chenyewe, unakataa mabaki ya protini yaliyotumika kukikuza.

Kitu kimoja usikubali hata ukipewa kwa nia njema: nusu dozi. Inaonekana akili, mbwa mdogo apewe kidogo. Lakini chanjo haipimwi kwa kilo kama dawa ya minyoo. Mbwa wa mfukoni na mbwa mkubwa kama ndama wanapewa kipimo kilekile, kwa sababu kinachotakiwa ni kiasi cha kuiamsha kinga. Nusu yake inaweza isiiamshe, na mzio ukitaka kuja utakuja hata kwa tone.

Chukua miadi ya asubuhi. Mimi ya Kibiriti ya tatu niliiweka saa mbili, nikakaa kwenye benchi pale pale mpaka saa tatu na nusu, yeye mapajani, mimi nikifunua mdomo wake kila baada ya muda mpaka akanichoka akanibana kidole. Ukichukua ya jioni, uvimbe utakuja zahanati imefunga.

Na ile kadi mpelekee. Pale penye stika ya sindano ya pili aandike kwa kalamu nyekundu kilichotokea, baada ya saa ngapi, na kikaisha kwa dawa gani. Stika ina namba ya toleo. Mwombe aripoti kwa watengenezaji. Watu wanadhani kuripoti ni kulalamika bure. Chanjo ya kwanza ya homa ya ini ilikuwa inawafanya baadhi ya mbwa wageuke jicho la bluu, limeingia ukungu, na kwa sababu hiyo wataalamu wakahamia kirusi jamaa yake, adenovirusi ya aina ya pili, ambayo inakinga homa ya ini vilevile na jicho linabaki jicho. Leo wako hana hofu hiyo kwa sababu kuna walioona, wakasema.

Ingekuwa mbwa wako alianguka, amezimia, ushauri wangu ungekuwa mwingine. Hapo kuna kipimo cha damu cha kuangalia kama tayari ana kingamwili za pavo, distempa na homa ya ini, na zikiwepo, anaachwa bila sindano ya magonjwa hayo. Ukiwa na wasiwasi uliza habari zake, japo si kila mahali kinapatikana. Lakini wako alivimba, akapewa dawa, usiku akala. Umeniandikia mwenyewe.

Mpaka hiyo sindano ya wiki 16 ipite, asikanyage chini palipopita mbwa usiowajua. Simaanishi umfungie. Umri huu ndio wa kuzoea watu, pikipiki, kelele za watoto, na akiukosa anaweza kuwa mwoga mpaka uzee. Mbebe. Atembee dunia akiwa mkononi mwako.

Nitumie tarehe ya miadi mara tu utakapoipata. Ikiangukia siku yangu ya mapumziko nitakuja tukae wote kwenye benchi, wewe umshike, mimi nihesabu dakika. Kibiriti nitamwacha nyumbani. Tangu siku ile akisikia harufu ya spiriti anaanza kuimba, na wako hahitaji kufundishwa wimbo huo mapema.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi,
Somo yako