Nesi ndo anabebeshwa lawama za vifaa kukosekana

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mi ni nesi wa zahanati ya serikali huku Kanda ya Ziwa na kuna jambo linaniumiza kuliko hata mshahara, hili la kuitwa mla rushwa kwa sababu ya glovu.

Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito, mtoto chini ya miaka 5 na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza watibiwe bure, naiunga mkono kwa moyo wote. Ila oda ya dawa na vifaa tunayotuma inakuja nusu, halafu mama anafika saa nane usiku uchungu umeshamkolea, mpira wa kujifungulia hakuna, uzi wa kushonea hakuna, glovu imebaki pea moja. Namwambia mumewe akamgongee mwenye duka la dawa anunue. Hapo ndo ugomvi unaanza, mbunge alisema bure we nesi unatuuzia, kesho yake naitwa kwa mtendaji wa kijiji nijieleze dawa za serikali nazipeleka wapi!

Na usiku huo niko peke yangu. Ikama ya 2014, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa na serikali, inataka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15, sisi tuko watatu na mmoja yuko likizo ya uzazi, kwahiyo aliyezalisha usiku ndo huyohuyo asubuhi anapima watoto kliniki, anachoma chanjo, anajaza vitabu vya MTUHA (vya kumbukumbu za huduma na wagonjwa), na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, akiitwa kikao wilayani anaandika na dawa. Posho ya kuitwa usiku fomu tunajaza, jibu ni bajeti haijaruhusu. Wenzangu wameshaomba uhamisho, wengine wameacha kabisa wakafungua maduka ya dawa mjini na siwalaumu.

Najua wapo manesi wenye lugha chafu na wanaokula hela kweli, hao wachukuliwe hatua tena haraka maana wanatuchafua wote.

Ninachoomba halmashauri ibandike ukutani pale zahanati kila oda, tuliomba nini tumeletewa nini, na kamati ya zahanati isome hiyo karatasi kwenye mkutano wa kijiji mbele ya watu wote. Mbunge akija nae asomewe hapohapo kabla hajapanda jukwaani.

Nesi wa zahanati,
Kanda ya Ziwa