Aliyepanga mwanga naye atajwe jina

Ndugu Mhariri,

Kurasa za sanaa za magazeti yetu zikiandika habari za tamthilia humtaja mwandishi, mwongozaji, waigizaji, na mara nyingine aliyebuni mavazi. Aliyepanga mwanga hatajwi. Tunaamini chanzo ni kutojulikana kwa kazi yenyewe: wengi hudhani taa za jukwaa huwashwa onyesho linapoanza na kuzimwa linapokwisha, basi. Tunaomba nafasi tuieleze kazi hiyo kupitia mtu aliyeifanya kwa zaidi ya miaka 40 mjini New York, Tharon Musser.

Musser alizaliwa Virginia mwaka 1925, akasoma chuo cha Berea huko Kentucky, kisha akahitimu chuo kikuu cha Yale mwaka 1950. Yale ndiko alikokuwa akifundisha Stanley McCandless, ambaye utaratibu wake wa kupanga taa unafuatwa hadi leo. Jukwaa hugawanywa katika maeneo. Kila eneo humulikwa na taa mbili kutoka mbele, moja kushoto na moja kulia, kila moja ikikaa nyuzi 45 pembeni na nyuzi 45 juu ya uso wa mwigizaji. Moja huvikwa jeli, yaani karatasi ya plastiki yenye rangi, ya rangi ya joto, kama kaharabu hafifu, na nyingine ya rangi ya ubaridi, kama buluu hafifu. Uso uliomulikwa hivyo una umbo, na mtu wa kiti cha nyuma kabisa anaona jicho, shavu na mdomo.

Taa ikikaa mbele usawa wa macho, uso unakuwa bapa kama picha ya pasipoti na kivuli kikubwa kinamfuata mwigizaji ukutani. Ikining'inia juu ya utosi, macho yanageuka mashimo meusi. Kipimo ni rahisi: kama taa iko mita 4 juu ya uso, isogezwe mbele kwa mshazari hadi iwe mita 4, kwa kipimo cha sakafuni, kutoka pale mwigizaji anaposimama. Jukwaa la mita 8 kwa 6 linatosha maeneo sita, yaani taa 12 za usoni peke yake, na miale ya maeneo jirani lazima iingiliane, la sivyo mwigizaji atavuka mstari wa giza kila anapotembea. Kwa waigizaji wenye ngozi nyeusi, taa za nyuma na za pembeni ni za lazima. Bila hizo, kichwa na mabega vinamezwa na pazia jeusi, na fundi asiyejua huongeza nguvu ya taa za mbele, kumbe anachoongeza ni mng'ao wa paji la uso tu.

Musser aliingia Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya tamthilia mjini New York, mwaka 1956 kwa tamthilia ya Eugene O'Neill, Long Day's Journey into Night, na tangu hapo alipanga mwanga wa maonyesho zaidi ya 150 katika majumba hayo. Alipata Tuzo ya Tony, tuzo kuu ya tamthilia za Broadway, mara tatu: mwaka 1972 kwa Follies, 1976 kwa A Chorus Line na 1982 kwa Dreamgirls.

Tuzo ya mwaka 1976 ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Majumba mengi ya Broadway yalikuwa bado yakitumia umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja, na mwanga ulipunguzwa kwa masanduku makubwa ya mbao yaliyobandikwa jina la piano. Kila sanduku lilikuwa na mikono kama 12 au 14 ya kupandisha na kushusha. Tamthilia kubwa ya muziki ilihitaji masanduku kadhaa na mafundi kadhaa, wakivuta mikono kwa viganja, mara nyingine hata kwa goti, huku wakisubiri amri ya msimamizi wa jukwaa. Mwanga wa Jumanne haukufanana sawasawa na wa Jumatano. Kufifiza taa kwa sekunde 12 huku nyingine zikipanda kwa sekunde 5 kulitegemea mikono ya watu waliochoka.

A Chorus Line, tamthilia ya muziki kuhusu wachezaji dansi wanaosailiwa na mwongozaji ili wapate kazi, ilipohamia ukumbi wa Shubert mwaka 1975, Musser aliingia na meza ya taa yenye kumbukumbu ya kompyuta, LS-8, ya kwanza kutumika Broadway. Meza hiyo ilihifadhi kiwango cha kila taa kwa kila badiliko, ambalo mafundi tunaliita kyuu, na kulirudia kwa kubonyeza kitufe, kwa mwendo uleule kila usiku. Tamthilia ile haikuwa na mapambo mengi: mstari mweupe sakafuni, ukuta mweusi, vioo vinavyogeuka. Mwanga ndio uliowaambia watazamaji kama mchezaji anamjibu mwongozaji au anawaza moyoni. Kwa mawazo Musser alitumia rangi ya zambarau hafifu. Kioo nacho kina ukaidi wake. Hurudisha mwanga kwa pembe ileile ulioingilia, hivyo taa iliyokosewa nyuzi chache tu inaishia machoni mwa watazamaji. Onyesho hilo lilichezwa mara 6,137 hadi mwaka 1990.

Kyuu hizi hazijiandiki zenyewe. Kila moja inahitaji kuwekewa kiwango, kupewa muda, kutazamwa na mwongozaji kutoka kiti cha katikati, kisha kurudiwa na waigizaji wakiwa mahali pao. Tukikadiria dakika 10 kwa kila kyuu, tamthilia yenye kyuu 40 inadai saa sita na dakika 40, nje ya muda wa kufunga taa na kuzielekeza. Hapa kwetu mwandaaji humwita fundi alasiri ya siku ya onyesho na kumpa taa zilezile zilizokodiwa kwa harusi ya jana. Matokeo yake ni rangi zinazopepesa huku mama wa kwenye tamthilia akimlilia mwanawe.

Makosa mengine ni ya nyaya. Taa ya wati 1,000 kwenye volti 230 hula ampea 4.35. Mbili kwenye soketi ya ampea 13 ni salama. Tatu zinafika ampea 13.04, na fyuzi haikatiki papo hapo: plagi inachemka taratibu, kisha giza linaingia katikati ya onyesho la pili. Ekstensheni ya kuzungushwa ikunjuliwe yote, maana waya uliobaki umejiviringisha hujipasha joto hadi ukayeyuka. Taa za LED hazili umeme mwingi, ila zina matatizo yake. Taa yenye chaneli 7, yaani njia saba za kupokea amri, ikianzia anwani 1, namba inayoitambulisha kwa meza ya taa, inayofuata ianzie 8. Zikipewa anwani moja zitatenda jambo moja. Kutumia kebo ya maikrofoni badala ya kebo ya DMX, inayobeba amri za meza ya taa, au kusahau kipingamizi cha omu 120 kwenye taa ya mwisho, ndiko kunakozifanya zipepese bila amri. Na kila taa iliyo juu ya vichwa vya watu, hata ndogo, ifungwe mnyororo wa usalama mbali na kibano chake.

Hata Marekani heshima hii ilichelewa. Tuzo za Tony zilianza mwaka 1947, lakini ya ubunifu wa mwanga ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1970. Jean Rosenthal, aliyeifanya kazi hii ihesabike kuwa taaluma, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Musser, aliyefariki mwaka 2009, yeye aliipata angali hai.

Ombi letu ni dogo. Mwandishi wako akienda kutazama tamthilia, amuulize msimamizi wa jukwaa nani kapanga mwanga, na jina hilo liwekwe chini ya jina la mwongozaji. Kama mwanga ulikuwa mbovu, aandike hivyo hivyo, na aseme ulikuwa mbovu wapi.

Mafundi wa taa za jukwaa,
Dar es Salaam