Barua kwa Mwanangu: Gundi na Meko Visikae Chumba Kimoja

Umoja, Nairobi
Jumapili usiku

Mwanangu Neema,

Nakusalimu. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako limerudi kumsumbua na baridi hii ya Julai. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "sawa baba" kabla sijamaliza, nami sauti yenyewe naisikia nusu. Barua hii Baraka atakuletea kesho akielekea chuo.

Ni ile picha uliyoweka jana kwenye stetasi. Mama yako ndiye aliyenionyesha, amejaa furaha, "Tazama mwanao ametengeneza kifua cha askari wa angani." Nikakitazama kifua, na kweli kimekaa. Halafu macho yakashuka. Mkebe wa gundi uko sakafuni, kifuniko hakipo, brashi imesimama ndani. Nyuma yake, hata hatua mbili hazifiki, meko inawaka na sufuria iko juu. Dirisha limefungwa, pazia limeshushwa, na godoro lako liko papo hapo chini. Mama yako aliona deraa, hilo vazi la askari la foamu unaloliandalia tamasha. Mimi niliona mkebe na moto, na usingizi ukaniruka.

Neema, gundi ile na meko visikae chumba kimoja. Naanza na hilo, na utaniwia radhi maana nitalirudia.

Gundi ya viatu imechanganywa na dawa ambayo ikipata hewa tu inaruka. Ndiyo inayonuka ukifungua mkebe. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi darini kama moshi wa kuni ukauona na kukohoa. Unashuka. Unatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, ila huuoni, mpaka ukutane na moto. Moto nao hausubiri ufikishiwe gundi, unaufuata mvuke hadi ulikotoka. Ndiyo maana hata kuuweka mkebe chini ya meza hakusaidii, wala kusema meko iko mbali, maana kwenye bedsita hakuna mbali. Na wewe unalala chini, pua yako iko pale pale mvuke unapokaa. Ulimwambia mama yako siku tatu hizi unaamka na kichwa kinauma, mkakubaliana ni macho kwa sababu ya kukesha. Si macho hayo, mwanangu.

Sikutishi bure. Pale Kamukunji, banda la pili kutoka letu, palikuwa na fundi wa mikoba, mtu makini kuliko mimi, kazi yake haina doa. Asubuhi moja alifungua mkebe mpya huku chai inachemka kwenye jiko la makaa upande wa pili wa benchi. Hakumwaga kitu. Tulisikia kishindo kidogo tu, kama mtu amekung'uta blanketi, tukageuka tukakuta suruali yake inawaka kuanzia chini kwenda juu. Tulimfunika kwa gunia la maji. Alipona, lakini mkono wa kushoto haukufunguka tena vizuri, na mikoba aliiacha. Sijawahi kukusimulia kwa sababu wakati ule nilikuwa nikikwambia tu kwamba Kamukunji si mahali pa msichana, bila kueleza.

Na ile barakoa ya karatasi uliyovaa kwenye picha haizuii mvuke. Hiyo ni ya vumbi. Ivae unapopiga msasa, maana unga wa foamu ni mwembamba na unaingia kifuani. Ya mvuke ni ile ya mpira yenye vichujio viwili vya mkaa mashavuni, na hata hiyo haizimi moto. Dawa ya kwanza ni hewa. Fanyia nje, au kwenye paa mnakoanika nguo kama mwenye nyumba anakubali, na vipande vikae huko huko hadi harufu iishe kabla hujaviingiza unakolala.

Basi. Sasa nikwambie ya deraa yenyewe, usije ukafikiri sikuitazama.

Mama yako alinieleza ulivyopata vipimo. Kwamba ulimwita jirani yako akakuzungushia karatasi ya nailoni kifuani na mgongoni, akabandika utepe wa karatasi juu yake hadi ukawa kama ganda, ukachora mistari kwa kalamu, akalikata lile ganda kwa mkasi nalo likalazwa mezani likawa vipande bapa. Niliketi nikanyamaza. Neema, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka 31. Faneli ni bati bapa lililokubali kuwa duara. Jiko vivyo hivyo, na karai. Kujua mahali pa kukata ili kitu bapa kikumbatie mviringo bila kukunjamana ni nusu ya ufundi, nyundo inakuja baadaye. Wewe umefika hapo peke yako, na hukufundishwa na mtu wa nyumba hii ambaye angeweza kukufundisha.

Lakini mabega yote mawili umekata ya kushoto. Nimeliona, usilifiche chini ya rangi. Ulikiweka kigezo upande mmoja mara mbili bila kukigeuza. Kila kigezo andika juu yake KULIA au KUSHOTO, mshale wa kuonyesha juu ni wapi, na alama ndogo ndogo ukingoni za kuonyesha kipande hiki kinakutana wapi na kile. Ukikosa alama, gundi haitakusamehe, maana hiyo si gundi ya kuvutavuta. Unapaka pande zote mbili, nyembamba, unasubiri kama dakika kumi hadi ukigusa kidole hakitoki na kitu, ndipo unakutanisha, na zikishagusana zimegusana. Wanaoanza hukosea hapo kwenye kusubiri. Wanakutanisha ikiwa mbichi, inateleza, wanaongeza nyingine, na mkebe unabaki wazi nusu saa nzima. Paka, funika mkebe, ndipo usubiri.

Wembe pia. Kingo zako zimeng'oka kama mkate ulioumwa, hiyo ni alama ya wembe mmoja kutumika kazi nzima. Foamu ya EVA inaonekana laini lakini inakula makali upesi kuliko karatasi. Badilisha wembe mara nyingi, kata kwa mvuto mmoja mrefu, usikekete kama msumeno. Pale unapotaka pembe, usisimamishe wembe wima. Ulaze nusu, pande zote mbili, mshono utafunga bila ufa. Na ile foamu nene ya milimita 10 uliyonunua, ile mikeka ya kuunganisha ya watoto, iache kifuani na mgongoni tu. Kwa vigasha na miundi tafuta ya milimita 5, la sivyo hutaweza kukunja mkono kunywa maji.

Pasi ya mama yako uliyoazima ukaitumia kupinda foamu ameiona kwenye picha ile ile. Hakusema neno, na unajua maana yake. Foamu hupindwa kwa hewa ya moto, siyo kwa chuma. Nina bloa ya joto bandani, tunaitumia kulainisha rangi ya zamani. Unaipitisha juu bila kusimama mahali pamoja hadi uso uanze kung'aa, vitundu vikijifunga, halafu unaipinda juu ya goti au sufuria na kuishikilia hadi ipoe. Kitakachopoa kikiwa kimepinda kitabaki kimepinda. Fanya hivyo kabla ya gundi, tafadhali, siyo baada yake, maana kupuliza moto juu ya mshono mbichi ni kurudi kule kule ninakokataa.

Kofia nayo ulipima kichwa kabla hujasuka. Sasa una nywele ndefu zimefungwa juu, na Baraka anasema inakwama masikioni. Usiipasue. Fungua mshono wa nyuma, ongeza kipande cha vidole viwili, uso utabaki ulivyo. Weka matundu chini ya kidevu na kisogoni. Kipeperushi kidogo cha kompyuta unakipata Luthuli, pamoja na taa zako za LED, vyote vinakula kwenye pawabenki moja. Usipoweka, kioo kitajaa ukungu wa pumzi yako na utatembea kipofu kwenye umati. Ivae saa nzima nyumbani kabla ya tamasha. Panda ngazi nayo. Keti nayo. Jaribu kuivua mwenyewe bila msaada, ukihesabu. Kama huwezi kuivua upesi, bado hujamaliza kuitengeneza.

Baraka alinisomea habari moja, nikamwomba arudie ili mama yako asikie. Kwamba lile vazi alilovaa Neil Armstrong mwezini mwaka 1969 lilishonwa na akina mama wa cherehani huko Marekani, kwenye kampuni iliyokuwa ikijulikana kwa kushona nguo za ndani za wanawake. Akina mama wa cherehani, Neema! Mama yako aliuliza walitumia uzi gani. Tangu hapo anasema nguo nyeusi ya ndani ya deraa atakushonea yeye, na mikanda ataishona kwenye hiyo nguo ili uzito ukae mabegani, usining'inie kwenye gundi. Umruhusu. Ana kitambaa cha kuvutika alichonunua Gikomba, na usiku ameshaanza kukikata, goti lenyewe amelisahau.

Halafu lile neno ulilolichora kifuani. Nilidhani UHURU ni kwa ajili ya bendera tu. Baraka akanieleza kwamba ni setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikapewa jina hilo kwa heshima yetu, na kwamba ndiyo ya kwanza kutumwa kuangalia miali ya eksirei huko mbinguni peke yake. Nimeishi nchi hii miaka yangu yote sikuwa najua. Wewe umejua, na umetaka askari wako atoke hapa, asitoke kwa watu wengine. Jina hilo lipake mwisho kabisa. Kwanza ziba foamu kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, tabaka tatu au nne, kila moja ikauke, ndipo rangi ishike isipasuke ukiinama. Hiyo gundi nyeupe haina ubaya, hiyo hata ukiwa chumbani paka tu. Ninayokataa unajua ni ipi.

Ile deraa ya katoni iliyowashiwa jiko hatutairudia, unaikumbuka kuliko mimi. Nitasema tu kwamba jiko siku ile lingewashwa kwa kitu kingine, vipande vya mbao vilikuwepo. Na zile likizo ulizoomba kuja bandani, kama ungekubaliwa, ungeyajua haya yote ukiwa na miaka 12 na mabega yako leo yangekuwa la kushoto na la kulia. Mama yako huniita mara tatu ndipo nigeuke. Miaka ile nilisema kuziba masikio kwa pamba ni mambo ya wageni kazini. Nakuandikia kuhusu barakoa nikiwa mtu ambaye hakuivaa, kwa hiyo ukitaka kunijibu "na wewe je," utakuwa na haki, ila vaa.

Ninachoomba ni hiki. Jumatano usiende kokote. Chukua gari la Thika Road mapema, shuka mjini, uje Kamukunji. Nimesafisha upande wa nje wa banda, pale palipokuwa na masanduku, pana kivuli na upepo unapita kutoka pande mbili. Nimewaambia majirani siku hiyo jiko la chai likae upande wa barabarani. Benchi ni lako mchana kutwa. Sitakushikia wembe. Nitakuwa pale pale na faneli zangu, ukiniuliza nitakujibu, usiponiuliza nitajaribu kunyamaza. Mafundi wameiona picha, wanataka kuona kifua. Mmoja anasema kiwe cha bati, usimsikilize, utachoka kabla hujafika mlangoni.

Mkebe uje umefungwa, ndani ya karatasi mbili, na kwenye matatu usiuweke karibu na injini.

Mengine ni haya. Maji Umoja sasa yanakuja Alhamisi tu, kwa hiyo ukija kulala njoo na nguo zilizofuliwa. Karo ya Baraka tumelipa nusu, usitume kitu mwezi huu, nunua ile barakoa ya mpira. Shosho anauliza kama deraa ni ya kanisani, nimemwambia ni ya kazi ya sanaa, akasema basi sawa, ila ufunike magoti. Mtungi wako wa gesi uangalie mpira, ule uliounganisha ni wa mwaka juzi. Pasi ya mama yako irudi Jumatano, imesuguliwa.

Baraka nimemwagiza asiondoke mlangoni kwako mpaka aone dirisha liko wazi na mkebe umetoka nje. Usimkasirikie, ametumwa.

Ni mimi,
Baba yako