Paka wapya wa kuokotwa: siku za mwanzo

Wapendwa, anayempokea paka wa mtaani amtenge kwenye chumba cha paka huyo peke yake kwa siku 14. Mafua ya paka husambaa hata kwa mikono na nguo zetu. Boksi la kujifichia ni lazima. Trei ya mchanga ikae mbali na chakula.

Aliyekonda sana msimshibishe kwa mkupuo, hata akililia sahani. Mpeni kidogo kidogo mara 4 hadi 6 kwa siku, mkiongeza polepole, la sivyo madini ya damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Maziwa ya ng'ombe huharisha wengi. Akipitisha saa 24 bila kula, apelekwe kwa daktari wa mifugo: njaa ya siku chache hujaza ini mafuta.

Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini huua paka. Parasetamoli vilevile.