Wenye pasi ya kigeni hatujaikana Tanzania

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba Watanzania tuliochukua uraia wa nchi nyingine "tumeikana nchi kwa ajili ya mkate". Barua hiyo mdogo wangu aliyeko Tanga aliipiga picha akanitumia kwenye simu, hakuongeza neno. Niliisoma alfajiri nikitoka zamu ya usiku, nimekaa kituoni nasubiri basi, na tangu siku hiyo haijanitoka moyoni. Simjibu kwa hasira. Namjibu kwa sababu kukana nchi nimekuona kwa macho yangu, najua kunavyokuwa, na neno hilo sitaki tulitupe ovyo.

Nijieleze kwanza. Nilizaliwa mwaka 1970 katika kambi ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Muheza. Babu yangu mzaa baba alikuwa Muha wa Kasulu. Aliletwa Tanga na Silabu, ile ofisi ya enzi za Mwingereza iliyokuwa ikikusanya vibarua wa mkonge kutoka bara. Alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba. Mkataba wake ulipokwisha hakurudi tena. Alioa Mdigo, akasilimu, akabaki. Alipofariki, waliochimba kaburi lake walikuwa Mbena mmoja, Mmakonde mmoja na Wanyamwezi wawili, majirani zake wa kambini. Ndugu wa Kasulu walipata habari kwa barua, miezi imeshapita. Mimi nilikuwa msichana mdogo na sikuona ajabu yoyote, nilidhani kila mahali duniani watu huzikana hivyo.

Mwaka 1990 nilimaliza kidato cha sita nikaenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kambi ya Mafinga, kwa mujibu wa sheria. Mtoto wa Tanga na baridi ya Mafinga! Kitanda cha kushoto alilala Mhaya, cha kulia Mmwera wa Nachingwea, na blanketi tuligawana. Nayaandika haya ili ndugu yangu aelewe kwamba utaifa wangu sikuupata kwenye pasi. Nilikuwa nao miaka mingi kabla sijawahi kuishika pasi mkononi.

Nilikuja Uingereza mwaka 1999. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee: nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani, na wengine nimewashika mkono wakikata roho. Uraia wa hapa nilichukua mwaka 2009, na sababu niiseme wazi. Mama yangu alikuwa amepooza upande mmoja. Nilikuwa na kibali cha kukaa, lakini mwenye kibali akikaa nje zaidi ya miaka miwili hukipoteza, na mimi sikujua mama angenihitaji kwa muda gani. Nilitaka niende nimuuguze nikiwa na hakika kwamba nitarudi kwa wanangu. Basi nikala kiapo kwa Malkia Elizabeth katika ukumbi wa halmashauri, nimevaa gauni la kitenge. Wimbo wao wa taifa ulipopigwa niliuimba kwa heshima, maana nchi hii imenipa kazi na imewasomesha watoto wangu. Sikuona kwamba nimemsaliti mtu.

Kilichoniliza ni siku ya kuirudisha pasi ya zamani. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 iko wazi: mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma. Nilikaa kitandani na ile pasi, naitazama nembo: bwana na bibi wamesimama juu ya Kilimanjaro, wameshika pembe za ndovu, chini yao utepe wa Uhuru na Umoja. Binti yangu, wakati huo ana miaka saba, akaniuliza wale ni akina nani. Nikamwambia, ni sisi.

Nilipotua Dar es Salaam kwenda kumuuguza mama, nilisimama foleni ya wageni nikalipa dola 50 za viza. Kijana wa uhamiaji alitazama jina langu, akatazama mahali nilipozaliwa, akagonga muhuri, akasema, "Karibu nyumbani, mama." Sijamsahau.

Sasa nije kwenye kukana.

Msomaji mwenzangu huenda hajawahi kulisikia neno "kujilipua" jinsi tunavyolitumia huku. Miaka ile ya mwisho wa tisini na mwanzo wa elfu mbili, vijana wetu wengi waliofika hapa hawakuwa na njia ya kubaki. Tanzania haikuwa na vita, na mtu hakubaliwi ukimbizi kwa kusema kwao hakuna ajira. Basi waliambiana: jilipue. Maana yake, choma pasi yako, nenda kaseme wewe ni Msomali, au Mrundi, au Mkongo. Jina unapewa, kijiji unakariri, na hadithi ya namna ulivyokimbia unaifanyia mazoezi usiku. Ukikubaliwa, umepata kuishi. Ila huwezi tena kujiita Mtanzania mbele ya mtu usiyemjua, na mama yako akifa huendi kuzika, kwa sababu utaelezaje kwamba Mrundi una mama Tanzania?

Siwahukumu. Walikuwa na miaka ishirini, wengine nyumba ya wazazi ilikuwa imewekwa rehani kupata nauli. Lakini huko ndiko kukana, na adhabu yake walianza kuitumikia siku ileile.

Mmoja wao alikuwa kijana wa Sumbawanga. Sitamtaja jina kwa heshima ya wazazi wake. Alijilipua mwaka 2002 kama Mrundi. Sisi tulimfahamu kwa jina la karatasi. Alibeba boksi kwenye maghala zaidi ya miaka kumi na tano, mtu mpole, kwenye sherehe zetu anakuja akikaa karibu na mlango. Kiswahili chake cha Rukwa kilimsaliti kila alipocheka, na sisi tukajifanya hatusikii.

Kuna jambo ambalo kila nikilifikiria naumia. Wakati yeye anajiita Mrundi huku, Warundi wa kweli waliokimbia mwaka 1972 walikuwa mkoani kwao kijana huyu, Rukwa ya wakati huo, kwenye makazi ya Katumba na Mishamo, wakilima na kusomesha watoto. Zaidi ya 160,000 nchi yetu ikawapa uraia, na mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa vyeti. Nchi iliyokuwa na ukarimu wa kiasi hicho, mtoto wake mwenyewe anaogopa kuitaja.

Alifariki ghafla, usingizini, majira ya baridi. Cheti cha kifo kikatoka na jina la karatasi na nchi ya karatasi. Aliyekuwa akiishi naye nyumba moja akanipigia, "Dada, huyu si Mrundi, ila sijui kwao ni wapi."

Tulikwenda watu watatu kupanga vitu vyake. Chumba kidogo, kitanda, jaketi la kazi, viatu vyenye chuma puani. Chini ya kitanda begi la kamba, kuukuu. Nilipolipapasa nikasikia kitu kigumu chini ya bitana. Ilikuwa imeshonwa kwa mkono, uzi mweusi, mshono wa mtu asiyejua kushona. Tuliufumua. Ndani ya mfuko wa nailoni kulikuwa na cheti chake cha kidato cha nne, kimekunjwa mara nne hadi mikunjo imekuwa myeupe. Jina lake kamili. Shule yake. Ngao yetu juu. Miaka yote ile alilala juu ya jina lake.

Kupitia shule hiyo tukapata parokia, kupitia parokia tukampata baba yake. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuzungumza naye, kwa kuwa ni mtu mzima. Nikampa shikamoo, nikampa habari. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na ninyi, mwanangu, ni ndugu zake wa upande gani?" Nikasema, "Baba, sisi ni Watanzania wenzake." Akasema, "Basi ni sawa." Hakuuliza tena.

Msiba ule natamani msomaji mwenzangu angeuona. Marehemu alikuwa Mkatoliki. Kikao kikafanyika sebuleni kwa Mzee mmoja wa Pemba, kwa kuwa ndiye mwenye sebule kubwa. Mtunza hazina Mchaga, katibu Msukuma. Wanawake wa Kizanzibari walipika pilau usiku kucha kwa ajili ya misa ambayo wao hawakuwa wa kuisali. Daftari la michango ninalo mpaka leo: pauni 20, pauni 10, kuna aliyetoa 5. Mmoja kaandika "ubani", anayefuata kaandika "rambirambi", ukurasa mzima umechanganyika hivyo na hakuna aliyesahihisha. Ndani ya siku tisa zilipatikana za kutosha jeneza, kutia mwili dawa na nauli ya ndege. Nyumbani, baba alikwenda kwa hakimu kula kiapo kwamba mwenye jina hili na mwenye jina lile ni mtu mmoja, mwanawe wa kumzaa.

Nilihesabu baadaye. Kati ya watu kumi na wanne waliokuwa wakikutana kila jioni kuhangaikia msiba ule, tisa tuna pasi ya Uingereza. Kwa sheria sisi ni wageni. Ndio hao, ndugu yangu, uliowaandika kuwa wameikana nchi.

Sikuandika barua hii kudai uraia pacha. Wapo wanaoujadili vizuri kuliko mimi. Wakenya wanao tangu Katiba yao ya 2010, Waganda tangu 2009, kwetu kuna hili la hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. Wenye madaraka wataamua. Ninachodai ni kauli njema tu.

Na kwa wenzangu wa huku nina neno pia, nisionekane nimekuja kujitetea. Tumeanza kuharibu. Siku hizi naona makundi ya simu ya mkoa mmoja mmoja, na juzi katika msiba mwingine nilisikia mtu akiuliza, "Marehemu ni wa wapi?" kabla ya kutoa mchango. Nilishtuka kama niliyemwagiwa maji. Mtu anayeuliza hivyo amesahau kitu ambacho hakukinunua na hatakipata dukani. Wako pia wanaokaa mbele ya watoto wao na kuisema Tanzania kwa dharau tangu asubuhi mpaka jioni, umeme, barabara, viongozi, kisha wanashangaa mtoto akiona haya kusema wazazi wake wanatoka wapi. Kosoa, ni haki yako, nami nakosoa. Ila mtoto mwambie pia kwamba babu yake alizikwa na watu wa makabila matatu ambao hakuna aliyewalipa.

Binti yangu yule wa nembo sasa ni mkubwa. Ndiye aliyeniendesha kwenda kwa wazishi siku ya mwisho. Karatasi za safari zilibaki na jina la Kirundi, hatukuwa na namna, ndilo lililosajiliwa. Lakini kile kibati cha shaba kinachopigiliwa juu ya jeneza, tuliulizwa tuandike nini, na yule bwana akasema familia ina hiari yake. Binti yangu akauliza kwa Kiswahili, "Mama, niandike lile la kwenye cheti?" Akaliandika kwa herufi kubwa, majina yote matatu, akalinganisha na kile cheti herufi kwa herufi ili lisikosewe. Chini yake akaongeza: Sumbawanga, Tanzania.

Mwili ulishuka Dar es Salaam, ukasafiri kwa gari zaidi ya kilomita elfu moja. Siku ya tatu baada ya mazishi simu yangu iliita nikiwa kazini. Ilikuwa namba ya baba. Nikatoka nje kuipokea.

"Mwanangu," akasema, "mama yake hajui kusoma. Tumemsomea kile kibati, akaniambia nisome tena."

Mama Rehema,
Coventry, Uingereza