Barua ya wazi kwa wasusi wa Ngamiani

Wanangu wa saluni, hamjambo.

Juzi nilipokuja kusukwa, mwenzenu mmoja, simtaji, alikuwa uani na ndoo, anakoroga mkorogo wa kutakatisha ngozi. Losheni kopo zima, tyubu mbili za dawa ya ngozi, na kichupa kisicho na lebo. Biharusi mtarajiwa kakaa kwenye kigoda anangoja. Mlinitupia jicho mkidhani nitafoka. Nilinyamaza, maana nilikuwa naangalia vidole vyangu.

Nikija tena, viangalieni na nyie. Vifundo vimebaki vyeusi kama mkaa, na mashavuni nina madoa ya weusi wa kibuluu. Huo si uzee. Nilianza 1984 na sabuni ya zebaki, kisha nikaongeza krimu za haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kutakatisha ngozi. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, kisha inapenya mwilini na kuharibu figo. Haidrokwinoni kwanza inakutakatisha, watu wanakusifia. Ukiendelea miaka, ndiyo inakuletea madoa haya. Serikali ilishapiga marufuku vyote viwili kwenye vipodozi, na Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ukaipa dunia mpaka 2020 kuachana na vipodozi vya zebaki. Lakini ndoo ya uani nani anaikagua?

Hayo ya ngozi hata zahanati watawaambia. Mie nina langu.

Marehemu mume wangu alinioa mweusi tii. Akiniita "mweusi wangu", nasikia tusi. Akininunulia kanga, nauliza kamwonea nani huko mjini. Maskini, alikuwa anampenda mtu ambaye mie nimeshamfukuza nyumbani, na kila akimtaja tunagombana.

Kisha watoto. Wa kwanza alitoka maji ya kunde kama baba yake, nikambeba kila harusi. Wa pili alitoka mimi mtupu. Huyo nilimsugua kwa dodoki mpaka analia, na wageni wakija namtuma dukani. Sikumchukia, wallahi. Nilikuwa sitaki kujiona.

Siku moja, ana miaka saba, nikamkuta kizingitini. Kajipaka sabuni yangu usoni, imemkaukia, ngozi imeanza kuvutana, na katulia tuli. Nikamuuliza, "Wafanyaje hapo?" Akanijibu, "Nasubiri niive."

Nilimnawisha kwa maji ya mtungi, mara tatu. Sabuni nikaitupa chooni. Msidhani nilijiona mzuri siku hiyo. Uso ulizidi kuwa mweusi kuliko nilivyozaliwa, na shoga zangu walicheka. Nyie mna maneno yenu ya "jipende" huko kwenye simu, halafu picha haitoki bila filta. Kwangu ilikuwa kazi ya miaka: kukaa na kioo bila kugombana nacho, na mume akiniita, kuitika tu. Aliwahi kuniambia nimeanza kucheka kama zamani. Sikumbuki nilikuwa nachekaje.

Najua mkorogo unalipa kuliko kusuka twende kilioni. Kodi ya fremu naijua. Ila anayekuja kukorogewa hajaja kwa ajili ya ngozi peke yake, na akitoka hapo anarudi kwa mume na wanawe.

Yule biharusi mwambieni aje kwangu Jumamosi baada ya alasiri, nimfanyie singo, ule msuguo wetu wa asili wa mwili, kwa liwa na mawaridi, silipishi. Binti yangu atakuwepo. Ndiye anayetwanga siku hizi, mie mikono imechoka.