Malalamiko Kuhusu Picha ya Beit el-Ajaib Iliyokatwa Bila Ruhusa

Kwa Meneja,
Karakana ya Fremu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea stakabadhi yenu ya tarehe 3 Machi, ambayo kwayo mlipokea kutoka kwangu picha moja ya Beit el-Ajaib, lile jumba la masultani pale Forodhani, Unguja, iliyochorwa kwa rangi ya mafuta juu ya turubai mwaka 1971, ikiwa ndani ya fremu yake ya zamani ya mvule. Kazi niliyoiagiza na kuilipia shilingi 180,000 taslimu iliandikwa humo na karani wenu mwenyewe: kufuta vumbi na kukaza kona moja ya fremu iliyolegea.

Nilichorudishiwa ni kitu kingine. Fremu ya mvule haipo, na badala yake mmeweka ya plastiki ya rangi ya dhahabu, na kwa kuwa hiyo ni ndogo kuliko picha, mkaipunguza picha ili iingie. Nimepima kwa futi: juu zimepungua sentimita nne, chini mbili. Zile mbili za chini zilikuwa na herufi za jina la mchoraji pamoja na mwaka. Zile nne za juu zilikuwa na kilele cha mnara wa saa na mlingoti wa bendera. Nilipopiga simu, fundi wenu alinijibu kwamba kilichokatwa ni "mbingu tupu".

Mnara ule haukuwapo Sultan Barghash alipolijenga jumba lile mwaka 1883. Mbele yake palisimama mnara wa taa, ambao uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na ni katika ukarabati uliofuata ndipo jumba lenyewe likapewa mnara. Nao ulianguka pamoja na sehemu kubwa ya upande wa mbele tarehe 25 Desemba 2020. Marehemu baba aliinunua picha hii kwa mchoraji mwenyewe pale Forodhani, na vitukuu vyake, ambao hawakuwahi kuuona mnara umesimama, nimekuwa nikiwaonyesha pale ukutani. Sasa nawaonyesha saa isiyo na paa.

Lipo pia suala la kioo, ambacho sikukiomba. Picha ya rangi ya mafuta hulindwa na vanishi yake, na ikibidi kuwekewa kioo, huachwa nafasi kati yake na rangi. Ninyi mmekigandamiza moja kwa moja, na kwa unyevu wa Unguja msimu huu wa masika, matone yameshajikusanya ndani, na rangi nyeupe ya tanga la jahazi imeanza kunata kwenye kioo. Sithubutu kukibandua mwenyewe.

Kwa hiyo naomba mnirudishie fremu ya mvule na vipande vyote viwili vya turubai, hata kama vimekunjwa au kuchafuka, kwa kuwa mtaalamu wa kuhifadhi picha anaweza kuviunga. Mlipe gharama za kazi hiyo pamoja na nauli yangu ya boti. Na mnirejeshee fedha nilizolipa. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14, la sivyo nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani. Kuhusu vile vipande, tafadhali msisubiri siku hizo ziishe: mwambieni fundi aangalie leo, kabla taka za karakana hazijazolewa.

Wenu,
Mteja, Unguja.